Barua za Jukwaani: Nilicheza huku nikilia

Kila inapokaribia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, barua zinazonifikia hugeuka kuwa za Sarafina!, ile tamthilia ya nyimbo ya Afrika Kusini. Shule zinafanya mazoezi, makanisa yanaazima nyimbo, na wazee kwa vijana wanaandika kuuliza hili na lile. Safari hii nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu swali lake halijanitoka moyoni tangu niisome.

*Bi Jukwaa, hujambo? Mimi ni muuguzi. Mwaka jana binti yangu wa kidato cha tatu alinishawishi twende Nairobi kutazama Sarafina! ikichezwa jukwaani. Nilikuwa nimeiona filamu tu, tena zamani, kwenye televisheni ya jirani. Ukumbini nilijikuta nimesimama, napiga makofi, nacheza na watu nisiowajua. Nililia pia, lakini nilicheza zaidi. Tukiwa kwenye matatu tunarudi, binti yangu akaniuliza: "Mama, wale watoto waliuawa. Mbona tulifurahi vile?" Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo nikikumbuka naona haya. Je, tulikosea?*
*Mama Muuguzi, Nakuru*

Sijambo, mama, na ahsante kwa kuandika. Hamkukosea. Nalisema hilo kwanza ili roho itulie, kisha nikueleze.

Furaha uliyoipata haikuongezwa na waigizaji wa Nairobi ili watu waone tiketi zao zimelipa. Ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Mbongeni Ngema aliitunga Sarafina! wakati Afrika Kusini iko chini ya amri ya hali ya hatari, na ikafunguliwa katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, mwezi Juni 1987. Nyimbo alizitunga yeye pamoja na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta aliyekuwa bado uhamishoni. Waigizaji walikuwa vijana wa vitongojini. Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina mwenyewe, alitoka KwaMashu, Durban, na alikuwa na miaka 17. Ni rika lile lile la watoto wanaosimuliwa. Kwa hiyo unapouliza kama ni halali kucheza kwenye hadithi ya msiba huo, kumbuka kwamba waliotangulia kuucheza ni wenye msiba.

Kisa unakijua, lakini nitakigusa kwa ajili ya wasomaji wadogo. Serikali ya makaburu iliamuru masomo kama hesabu yafundishwe kwa Kiafrikaans katika shule za Waafrika. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kuipinga amri hiyo, na polisi wakawapiga risasi. Hector Pieterson, mmoja wa waliouawa, alikuwa na miaka 12. Sarafina! inatuingiza katika darasa la shule ya Morris Isaacson, mojawapo ya shule ambazo maandamano yale yalianzia, na kutuonyesha watoto waliorithi hasira ile na nyimbo zile.

Sasa sikiliza muziki wenyewe. Ni mbaqanga, muziki wa vitongoji vya Afrika Kusini, ambao gitaa la besi halikubali ukae. Ngema angeweza kuandika maombolezo matupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watu wangeinamisha vichwa kwa heshima, wakatoka, wakasahau. Hakufanya hivyo. Chukua ile Sala ya Bwana. Inaanza kama inavyoanza asubuhi katika shule yoyote ya misheni: taratibu, macho yamefumbwa, sauti ya tatu imetulia chini ya sauti ya kwanza. Halafu mdundo unaingia, mabega yanaanza kujibu, na maneno yale yale ya "utupe leo riziki yetu" yanakuwa madai ya watu wenye njaa ya zaidi ya mkate. Hakuna neno lililobadilishwa. Kilichobadilika ni mwili wa anayeomba. Mimi nimefundisha kwaya za wasichana kwa muda mrefu wa maisha yangu, na sijui mfano mzuri kuliko huo wa kumwonyesha mtoto kazi ambayo wimbo unaweza kuifanya ndani ya tamthilia.

Kuna jambo jingine ambalo watu hupitiliza. Katika miaka ile ya hali ya hatari, mikutano ya siasa ilipigwa marufuku, basi mazishi yakawa ndiyo mikutano. Watu walilibeba jeneza wakiimba, wakirukaruka kwa hatua za toyi-toyi, mguu huu mguu ule, vumbi linatimka mbele ya bunduki za askari. Ukiwatazama bila kujua, ungedhani wanasherehekea. Walikuwa wanazika. Wewe ni mtu wa Nakuru, sina haja ya kukueleza mkesha wa matanga ulivyo: kuna kulia, kuna kwaya, na kuna yule shangazi anayeinuka kucheza ili marehemu asisindikizwe na watu waliolegea. Hapo ndipo Sarafina! inapokaa.

Halafu fikiria mwisho wake. Wanafunzi wale wanaandaa onyesho la shule, na katika onyesho lao Nelson Mandela anaachiwa huru. Sarafina ndiye anayemwigiza. Ukumbi mzima unainuka kumpokea. Sisi tunaotazama leo tunauona wimbo ule kama kumbukumbu ya jambo lililopita. Lakini mwaka 1987 Mandela alikuwa gerezani, na alikuwa gerezani kwa kifungo cha maisha tangu 1964. Tamthilia ikavuka bahari, Januari 1988 ikaingia Broadway, New York, katika ukumbi wa Cort, ikachezwa mara 597. Mara 597 vijana wale walimtoa Mandela kifungoni kwa wimbo na dansi. Walipofunga pazia mwezi Julai 1989 bado alikuwa ndani. Alitoka tarehe 11 Februari 1990. Mama, ile haikuwa furaha ya watu waliosahau maiti. Ilikuwa deni wanalolidai hadharani kabla halijalipwa, kila usiku, mbele ya mashahidi.

Nami niliitazama katika Ukumbi wa Michezo wa Kitaifa, Nairobi, ule ulio ng'ambo ya Hoteli ya Norfolk. Upande wa kushoto walikaa wanafunzi wa shule moja ya upili, sweta za kijani, walimu wao wamewazunguka. Katika sehemu ya kwanza walitulia mno, wale wa kuambiwa na mwalimu "mkinipigia kelele mtaniona". Ilipofika Freedom Is Coming Tomorrow, sauti moja ikaanza, kundi likaitikia, na kabla ya mzunguko wa tatu msichana mmoja wa sweta ya kijani akasimama. Hakumtazama mwalimu. Wa pili akasimama, kisha safu nzima, kisha mwalimu. Kando yangu alikaa mzee mwenye mkongojo. Akaugonga sakafuni kwa mdundo, hakukosa hata pigo moja. Sijapata kuona umati wa watu wasiojuana ukipumua pamoja namna ile nje ya kanisa na uwanja wa mpira.

Lakini sitaki kukuficha upande wa pili. Nimeona pia maonyesho ya Sarafina! yaliyokosea, na yalikosea hapo hapo unapoogopa wewe. Mwongozaji anaona watu wanapenda nyimbo, basi anakimbiza tukio la risasi ili arudi kwenye dansi. Mtoto anaanguka, taa zinazimwa, zinawashwa, bendi imeshaanza. Hapo ndipo ningeona haya. Onyesho zuri hukuacha na kimya kile kirefu, hadi unasikia feni ya ukumbi, na wimbo unaofuata huinuka kutoka ndani ya kimya hicho, huanzwa na mtu mmoja ambaye sauti yake bado haijatulia. Ukiona umelia na umecheza usiku mmoja, basi kundi mlilolitazama lilijua kazi yake.

Binti yako mjibu hivi: tulifurahi kwa sababu wale watoto walikuwa na furaha, na walitaka tuione. Katika tamthilia wanataniana, wanapendana, wanamwigiza mwalimu wao, wanagombania nani ataimba mbele. Polisi waliiua miili yao. Tukikataa kufurahi nao, tunabaki na picha ambayo polisi waliiacha barabarani, basi. Kisha mwulize yeye alipenda wimbo upi. Nina hakika atauimba.

*Shikamoo mama. Ninasoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kampasi ya Solomon Mahlangu, hapa Morogoro. Klabu yetu ya sanaa iliimba nyimbo kadhaa za Sarafina! Katikati wakaimba Nkosi Sikelel' iAfrika, na sote tukatambua kuwa ni Mungu Ibariki Afrika. Wenzangu wawili walisimama wima kama kwenye gwaride. Wengine wakawacheka wakisema hii ni sanaa, si wimbo wa taifa. Nani alikuwa sahihi?*
*Mwanafunzi, Mazimbu*

Marahaba, mwanangu. Waliocheka ndio waliokosea, hilo halina mjadala.

Wimbo ule aliutunga Enoch Sontonga mwaka 1897. Alikuwa mwalimu wa shule na mwongoza kwaya. Naomba walimu wa muziki wanaonisoma waliweke hilo akilini. Ukawa wimbo wa kanisa, ukawa wimbo wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo ikatwaa sauti ile ile kwa maneno yake. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 Mtanzania aliuimba kwa kusimama wima mbele ya rais wake, na wakati huo huo huko ulikotungwa ulikuwa wimbo wa wapinzani wa serikali. Ndiyo maana umo katika Sarafina! Hauwekwi pale kwa ajili ya uzuri wa sauti nne. Watoto wale wanaimba kitu kinachoweza kuwaponza.

Kuhusu kusimama: jukwaani wimbo huwa mali ya mhusika anayeuimba kwa wakati ule. Kama Sarafina na wenzake wanauimba katika tukio la hofu, mimi hukaa nikawatazama, maana wao wanaomba na mimi ni shahidi wa ombi lao. Lakini nikimwona mtu amesimama simkatazi na simcheki, na ukumbi mzima ukisimama nami husimama. Hakuna sheria ya ukumbini inayozidi jambo ambalo mwili wako umefundishwa tangu darasa la kwanza.

Na nyinyi, kuliko hadhira nyingine yoyote ninayoifikiria, mna haki ya kusimama. Unajua unasoma wapi? Watoto wa 1976 wengi walikimbia nchi yao. Serikali ya Tanzania iliwapa ANC ardhi hapo Mazimbu, shamba la mkonge lililoachwa, na mwaka 1978 shule ikaanzishwa hapo kwa ajili yao. Baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wale ambao Sarafina! inawasimulia, baadhi yao walikula ugali wa Morogoro, walijifunza kuwaambia mama zetu wa sokoni "shikamoo", na wengine wamelala katika makaburi yaliyo hapo hapo kampasini kwenu. Nenda ukayatazame kabla klabu haijarudia onyesho. Nenda na wale waliocheka. Kisha iimbeni Nkosi kwa lugha zake na mmalizie ubeti mmoja kwa Kiswahili. Naamini hakuna mahali duniani ambapo hilo lingekuwa na maana zaidi.

*Bi Jukwaa, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na muziki katika shule ya kutwa, Kilifi. Nataka wanafunzi wangu 24 waigize Sarafina! Nina kinanda kimoja chenye vitufe viwili vibovu, ngoma mbili na hakuna bendi. Mwenzangu ananishauri nicheze muziki wa kwenye simu kupitia spika, watoto waimbe juu yake. Unasemaje?*
*Mwalimu wa Kwaya, Kilifi*

Mwalimu mwenzangu, usiutumie muziki wa simu. Nakuomba. Muziki uliorekodiwa hausubiri. Mtoto akisahau neno, akishikwa na machozi, au hadhira ikipiga makofi kwa muda mrefu, rekodi inaendelea kwenda zake na onyesho linageuka kuwa mbio za kuikimbilia. Ngoma mbili na sauti 24 zinakutosha. Nyimbo hizi nyingi zimejengwa kwa mwito na kiitikio. Mwanzilishi mwenye moyo na kundi linalojua sauti zake watafanya kazi kubwa kuliko spika yoyote. Kinanda kitumie kuwapa sauti ya kuanzia tu, kisha kinyamaze.

Tatizo lako halisi litakuwa pumzi. Watoto watajifunza kuimba wakiwa wamesimama darasani, sauti tamu kabisa, halafu siku ya kuongeza hatua za dansi kila kitu kitaporomoka. Anza na miguu. Wafundishe toyi-toyi kwanza wakitamka maneno tu, bila wimbo, mpaka waweze kutamka sentensi nzima bila kuhema. Ndipo uweke wimbo. Waimbaji wako sita walio imara kuliko wote wapange nyuma, wasirukeruke sana, wawe ndio nguzo ya sauti. Wacheza dansi wako mbele hata wakikosa neno, hakuna atakayejua. Na wavulana wa umri huo sauti zinavunjika: shusha wimbo hata mara mbili kama ni lazima, usimwaibishe mtoto mbele ya wasichana kwa noti moja ya juu.

Matamshi ya Kizulu yatafutieni mtu anayeijua lugha, au msikilize kwa makini na mrudie polepole. Zile sauti za kubofya ulimi watoto huzifurahia, wape siku nzima wachezee. Msiziruke.

Sasa ruhusa. Tamthilia hii na nyimbo zake zina wenyewe. Ngema alifariki katika ajali ya barabarani Desemba 2023, lakini haki za kazi yake hazikuzikwa naye. Kabla ya kuuza tiketi hata moja, shule iandike barua ya kuomba idhini, na kama hamjui pa kuanzia, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya itawaelekeza. Najua walimu wengi hawafanyi hivyo. Wafanye. Tunawafundisha watoto kwamba wimbo una thamani, basi tuanze na thamani ya aliyeutunga.

Na kama idhini itachelewa, una njia nyingine ambayo kwa kweli ndiyo ningeichagua mimi. Tungeni yenu. Wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliwahi kufanya hivyo. Mwaka 1977, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, walicheza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, nyimbo wakizitoa vinywani mwa wazee wao, na watu walifurika mpaka serikali ikaingiwa na hofu na kuipiga marufuku. Mwaka 1982 wakaandaa Maitũ Njugĩra, tamthilia ambayo ilikuwa nyimbo karibu tupu. Walipofika kuichezea Ukumbi wa Michezo wa Kitaifa wakakuta milango imefungwa. Ni ukumbi ule ule ambao wasichana wa sweta za kijani walisimama na kuimba bila kuulizwa na mtu. Kila nikikata tiketi pale nawakumbuka watu wa Limuru waliogeuzwa mlangoni.

Kilifi mna ngoma ya kifudu, mna nyimbo za mavuno ambazo bibi za wanafunzi wako bado wanazijua. Mna Mekatilili wa Menza, aliyewachezea watu kifudu kijiji hadi kijiji akiwaita waupinge utawala wa Waingereza, mwaka 1913. Mwalimu, hiyo ni tamthilia ya nyimbo iliyokwisha kujiandika nusu! Watume watoto kwa bibi zao na madaftari. Ukiikamilisha, niandikie. Nitapanda basi kuja.

*Dada yangu, salamu kutoka London. Mama amekuja kunitembelea kutoka Tanga, ana miaka 68, Kiingereza hajui zaidi ya salamu. Nimewaza kumpeleka kwenye tamthilia ya The Lion King katika ukumbi wa Lyceum, lakini rafiki zangu wanasema nitapoteza pesa, ataketi saa mbili na nusu bila kuelewa. Nimpeleke?*
*Binti wa Tanga, London*

Mpeleke, mdogo wangu, na usisikilize rafiki zako. Tamthilia hiyo imekuwa Lyceum tangu Oktoba 1999, na mwito unaoufungua wimbo wa kwanza kabisa watazamaji wengi wa pale Uingereza hawauelewi hata neno moja, maana ni wa Kizulu. Mwanamuziki Lebo M wa Soweto ndiye aliyeleta mwito ule, na nyimbo za kwaya zilizomo zimejaa lugha za Afrika Kusini. Mama yako ataketi sawa na Waingereza waliomzunguka, tena atawazidi: atajua Simba ni nani na Rafiki ni nani kabla hawajafungua kinywa. Jukwaani Rafiki anachezwa na mwanamke, na nafikiri mama yako atampenda kuliko mfalme.

Pesa yako iweke kwenye kiti kilicho pembeni mwa njia, chini, hata kama ni nyuma kidogo. Katika wimbo wa ufunguzi wanyama wanapita kwenye njia hizo kwenda jukwaani. Julie Taymor aliyeiongoza hakuwaficha waigizaji ndani ya vinyago. Unamwona swala na unamwona mtu anayemrusha, vyote kwa pamoja, na jicho lako linakubali. Hilo halihitaji lugha. Msimulie kisa kizima siku moja kabla, mkinywa chai, kama hadithi ya paukwa pakawa. Wakati wa mapumziko msimulie sehemu ya pili kwa kifupi. Mle ndani usimnong'oneze tafsiri, utamwibia nyimbo. Mfungie na shali. Kumbi za huko zina baridi hata kiangazi.

*Shangazi, mwanangu ana miaka saba na anapenda sana nyimbo za Sarafina! Anaziimba akioga. Nimwonyeshe filamu?*
*Baba Mdogo, Mwanza*

Bado, baba. Filamu ya 1992, ile aliyocheza Whoopi Goldberg kama mwalimu na Miriam Makeba kama mama yake Sarafina, ina mateso ya gerezani na ina mtu anayechomwa moto. Mtoto wa miaka saba hana pa kuviweka vitu hivyo. Mwache na nyimbo. Mweleze kwamba zamani, mbali kidogo kusini, palikuwa na wanafunzi waliokatazwa kusoma kwa lugha waliyoitaka, wakakataa. Akiuliza kilichotokea baadaye, mjibu kweli kwa maneno machache: wengine walipigwa risasi, na wenzao hawakuacha kuimba. Filamu ingoje afike miaka 13 hivi, na siku hiyo kaa naye mpaka majina ya mwisho yapite. Kama kundi lolote la Mwanza litaicheza jukwaani kabla ya hapo, litazame wewe kwanza peke yako, kisha uamue.